Chuma Husema, Lakini Hakisemi Yote

Penye wazee haliharibiki neno, walinena wahenga. Kwa zaidi ya miaka ishirini ambayo nimefundisha somo la historia katika shule za Kitui, nimeitaja methali hiyo mbele ya wanafunzi mara nyingi mno, wala sikujiuliza hata siku moja kama mimi mwenyewe huwasikiliza wazee hao. Leo, mpenzi msomaji, nataka kulikiri kosa langu hadharani, kwa kuwa naamini si langu peke yangu. Ni la walimu wengi, na ni la koo nyingi za Ukambani na kwingineko.

Kosa lenyewe ni hili. Kila mwaka tulipovifikia Vita vya Kwanza vya Dunia, niliwasimulia wanafunzi kwamba babu yangu mzaa baba, Mkamba wa milima ya Mbooni, alikwenda kupigana Tanganyika, akamnyang'anya afisa wa Kijerumani bastola mnamo mwaka wa 1916, na akarudi nayo nyumbani akiwa ameificha katika mzigo wake. Bastola yenyewe sikuwa nimeiona kwa macho. Niliisikia tu ikitajwa na baba na baba zangu wadogo katika mazungumzo ya jioni, nami nikaipokea hadithi kama nilivyopewa, nikaitia chumvi kidogo, nikaipeleka darasani. Wanafunzi waliipenda kuliko sura zote za kitabu. Mpwa wangu mmoja, aliyekuwa mwanafunzi wangu, aliiandikia insha ndefu, akapata alama za juu kabisa. Aliyeisahihisha insha hiyo ni mimi.

Msimu mmoja wa mvua za vuli, ghala letu la zamani lilianguka. Boma letu liko Makueni, katika nchi tambarare ambayo familia nyingi kutoka milimani zilihamia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikifyeka vichaka na kuwafukuza mbung'o ili watu wapate mahali pa kulima. Vijana walipokuwa wakiondoa mbao za sakafu, wakalikuta sanduku la bati lililoliwa na kutu. Ndani yake mlikuwa na ala ya ngozi iliyotobolewa na wadudu, na ndani ya kipande cha blanketi kilichonuka mafuta ya zamani, bastola.

Binamu yangu alitaka kuisugua kwa msasa na mafuta ya taa, kisha aitundike sebuleni. Nilimkataza kwa sababu mbili. Kwanza, Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, humtaka mwenye silaha awe na cheti. Na wala si busara mtu asiye mjuzi kukichezea chombo ambacho huenda kina risasi ndani, hata kama risasi hiyo ina umri wa mzee. Pili, msasa ungeondoa kutu pamoja na maandishi. Tuliiacha pale pale ilipokuwa, tukamwita chifu, naye akawaita polisi. Walikuja na mwenzao aliyefunzwa kazi ya silaha. Alipokwisha kuhakikisha kuwa ni tupu, nilimwomba ruhusa ninakili chapa zake.

“Andika unachotaka kuandika, Mwalimu,” akaniambia, “lakini ukimaliza, hii inakwenda nasi.”

Nikachukua daftari na penseli, nikanakili kila herufi na kila tarakimu. Daftari hilo ndilo lililonifundisha somo ambalo leo naliandika.

Chapa husomwaje

Watu wengi hudhani kwamba umri wa bastola hujulikana kwa kuutafuta mwaka uliopigwa juu yake, basi. La hasha! Bastola ya silinda, ile ambayo risasi zake hukaa katika matundu ya gurudumu linalozunguka, yaweza kuwa na chapa kumi, na kila chapa hujibu swali lake. Moja hutaja mtengenezaji, nyingine aina, nyingine mwenye mali, na nyingine huthibitisha kwamba mtutu ulijaribiwa kwa baruti ukastahimili. Mwanafunzi asipoyatenga maswali hayo, atapata jibu la swali ambalo hakuliuliza.

Tuanze na jina la mtengenezaji. Maafisa wengi wa Kiingereza waliokuja Afrika Mashariki walibeba bastola za Webley, zilizotengenezwa Birmingham. Kampuni hiyo ilijulikana kama P. Webley & Son hadi mwaka wa 1897, ilipoungana na nyingine ikaitwa Webley & Scott Revolver and Arms Company; kisha mwaka wa 1906 jina likafupishwa likawa Webley & Scott. Kwa hiyo jina peke yake hupunguza miaka ya kutafutwa. Aina nayo huipunguza zaidi. Jeshi la Uingereza lilipokea Webley ya Mark I mwaka wa 1887, Mark IV mwaka wa 1899, Mark V mwaka wa 1913, na Mark VI mwaka wa 1915. Basi mtu akikuambia kwamba Mark VI ya babu yake ilitolewa na Mzungu wa reli wakati njia ilipokuwa ikitandazwa Makindu, kabla ya mwaka wa 1900, mjibu kwa upole kwamba bastola hiyo ilikuwa bado haijazaliwa.

Kuna chapa za mwaka zilizo wazi. Kiwanda cha serikali ya Uingereza cha Enfield, ambacho bastola yake ndogo ya kipenyo cha inchi 0.380 ilipokelewa jeshini mwaka wa 1932, kilikuwa na desturi ya kupiga taji, jina la Enfield, aina, na mwaka ubavuni mwa bastola. Ukiona nyota ndogo baada ya Mark I, ujue ni umbo lililoanza mwaka wa 1938, ambalo nyundo yake imekatwa ule mkia wa kuvutia kwa dole gumba.

Lakini kuna tarehe zinazodanganya, na hapa ndipo wengi hutumbukia. Bastola za Marekani, kama za Colt na Smith & Wesson, mara nyingi huwa na safu ya tarehe juu ya mtutu. Hizo ni tarehe za kupewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Tarehe ya mwisho kati ya hizo hukuambia tu kwamba chombo hakikutengenezwa kabla ya siku hiyo. Yaweza kuwa kilitengenezwa miaka mingi baadaye. Mwalimu anayeijua maktaba hatashangaa, kwani mwaka wa kupata haki ya kunakili si lazima uwe mwaka wa kuchapishwa kwa nakala aliyoishika mkononi. Afadhali kutafuta nambari ya mfululizo. Bastola za Smith & Wesson za vita, ambazo nambari zake hutanguliwa na herufi V, zilianza kutolewa mwaka wa 1942; nyingi zilipigwa maneno ya Kiingereza yanayosema ni mali ya Marekani, kisha zikapewa majeshi ya Uingereza na ya nchi zilizokuwa chini yake.

Chapa za mwenye mali zina utamu wake. Serikali ya Uingereza ilipiga alama ya mshale mpana juu ya vitu vyake. Ukiona mishale miwili imeelekezana ncha kwa ncha, maana yake chombo kilitolewa katika mali ya serikali kikauzwa. Chapa za majaribio ya baruti nazo hutaja mji. London na Birmingham zilikuwa na zake. Liège ya Ubelgiji, ambako bastola nyingi za bei nafuu zilitoka, ilipiga herufi ELG ndani ya duara refu, na kuanzia mwaka wa 1893 ikaongeza taji juu yake. Fauka ya hayo, silaha ya kigeni iliyojaribiwa Uingereza kati ya mwaka wa 1925 na 1955 ilipigwa maneno NOT ENGLISH MAKE, kumaanisha kwamba haikutengenezwa na Waingereza. Kwa maneno hayo matatu mtu hujua silaha ilipita katika soko gani, na katika kipindi gani.

Hatimaye, mtazamaji hana budi kulinganisha nambari. Mtutu ukiwa na nambari moja na silinda nyingine, huenda bastola imeunganishwa kutoka kwa mbili, na mwaka ulio juu ya kipande kimoja si ushahidi wa umri wa kingine.

Mwaka wa kweli, hadithi ya uongo

Sasa nirudi kwenye daftari langu. Mtutu wa bastola yetu ulikuwa wa pembe nane. Kifyatulio chake hakikuwa na pete ya kukilinda, bali kilikuwa cha kukunjwa, kikalala chini ya silinda kama wembe wa kinyozi. Nambari za mwili na silinda zilikuwa sawa. Jina la kiwanda lilikuwa limeliwa na kutu, lakini chini yake lilisomeka neno BRESCIA, na mwaka: 1916.

Nakiri kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha. Elfu moja mia tisa na kumi na sita! Mwaka ule ule niliokuwa nikiutaja darasani. Mwalimu mvivu angelifunga daftari papo hapo, nami kwa siku mbili nilikuwa mwalimu huyo.

Siku ya tatu nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi yeyote: Brescia ni wapi? Ni mji wa kaskazini mwa Italia, uliosifika kwa mafundi wa silaha karne nyingi. Na bastola ya kifyatulio cha kukunjwa ni ile ambayo jeshi la Italia lilipokea mwaka wa 1889, ijulikanayo kwa jina la Bodeo, ikawa mikononi mwa askari wake kwa zaidi ya nusu karne. Je, afisa wa Kijerumani huko Tanganyika angeipata wapi bastola iliyotoka kiwandani Italia mwaka wa 1916? Italia iliingia vitani mwezi Mei 1915 ikiwa upande wa Uingereza, dhidi ya Austria kwanza na baadaye dhidi ya Ujerumani yenyewe. Viwanda vyake vilikuwa vikiwapa silaha maadui wa Mjerumani, wala hapakuwa na jeshi la Italia Tanganyika ambalo Mjerumani angeliteka silaha zake.

Isitoshe, nilianza kuyaona yale ambayo hayakuwapo. Hapakuwa na mshale mpana, kwa hiyo bastola hiyo haikupita katika ghala la serikali ya Uingereza. Hapakuwa na chapa ya Birmingham wala ya London, wala maneno NOT ENGLISH MAKE, kwa hiyo haikuletwa na mfanyabiashara aliyeipitisha Uingereza. Ilikuwa imetoka kwa Mwitalia ikafika Ukambani kwa njia nyingine.

Nikafungua ramani. Ni lini Mkamba alikutana na jeshi la Italia? Italia ilitangaza vita dhidi ya Uingereza tarehe 10 Juni 1940, wakati ilipokuwa ikitawala Somalia, Eritrea na Ethiopia. Mapema mwaka wa 1941 majeshi yaliyokusanywa Kenya, wakiwamo askari wa King's African Rifles, yalivuka mpaka. Kismayu ilitekwa tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25 mwezi huo huo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Gondar, ngome ya mwisho, ilisalimu amri mwezi Novemba. Ukambani ilitoa askari wengi katika vita hivyo, na Waitalia waliosalimu amri waliacha nyuma yao silaha za kila aina, mpya na kuukuu.

Mwaka uliopigwa chapa ulikuwa wa kweli kabisa. Hadithi yangu ndiyo iliyokuwa ya uongo. Chuma kilizaliwa mwaka wa 1916, lakini hakikusema kilikutana na babu mwaka gani.

Kariakoo na Keya

Nilivuka mto Athi nikarudi Makueni, nikaketi na shangazi yangu, binti wa mwisho wa babu aliye hai. Nilimsomea daftari langu, kisha nikamuuliza ni vita gani alivyokwenda babu. Hakufikiri hata kidogo.

“Baba yangu alikwenda Keya,” akasema. “Alikuwa akiitaja Mogadishu, na Harar, na baridi ya milima ya Wahabeshi. Aliyekwenda Kariakoo ni mkubwa wake, wa nyumba ya kwanza. Huyo hakurudi. Ninyi mmewafanya watu hao wawili kuwa mtu mmoja.”

“Na kwa nini hukutuambia, Shangazi?”

“Hamkuniuliza, mwanangu. Mlikuwa mkisimulia ninyi.”

Msomaji kijana huenda hayajui majina hayo. Keya ndivyo wazee walivyozitamka herufi za K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka wa 1902. Na wengi wakisema Keya huvikusudia vita vya 1939 hadi 1945. Kariakoo ni matamshi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambacho jina lake limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kwa kuwa katika vita vyote viwili adui mkubwa aliyetajwa alikuwa Mjerumani, vizazi vilivyofuata viliyachanganya.

Na waliopotea katika mchanganyiko huo ndio wasiokuwa na mtetezi. Mpagazi hakupewa bunduki. Alibeba mzigo kichwani, unga, risasi na mahema, katika mvua na matope ya Tanganyika, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi ya tumbo, malaria na njaa, si kwa risasi. Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi kuna sanamu za shaba zilizosimamishwa miaka ya 1920, na mmojawapo wa wale watatu ni mpagazi. Lakini sanamu hiyo haina jina la mtu. Mkubwa wa babu yangu hakuacha chuma, wala ala ya ngozi, wala mtoto wa kumsimulia. Aliacha safari tu, nayo safari hiyo sisi tuliichukua tukampa mdogo wake kwa sababu mdogo wake alikuwa na bastola.

Haya ndiyo yaliyoniuma. Kila mwaka darasani nilikuwa nikimzika mtu huyo mara ya pili. Na aliyemfukua ni bastola ambayo hakuigusa maishani mwake: chapa ya Brescia ilikataa kushuhudia uongo, na kwa kukataa kwake ikatulazimu kumtafuta mwenye kweli.

Wala sisemi kwamba shangazi alihitaji chuma kimthibitishe. Tuliohitaji ni sisi, tunaoamini maandishi upesi na kumwamini mzee kwa kuchelewa. Hata hivyo hadithi ya mdomo nayo ina udhaifu wake, maana ndiyo hiyo hiyo iliyotufikisha kwenye kosa. Chapa hujua mahali na wakati wa kuzaliwa kwa chombo. Ulimi hujua mikono iliyokipitisha. Ukikitegemea kimoja ukakiacha cha pili, utapotoka.

Wanafunzi wa Kitui wana mfano wao wa karibu. Mmisionari Krapf, aliyeuona Mlima Kenya akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849, alirudi mwaka wa 1851 akafuatana na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba, hadi karibu na mto Tana. Walishambuliwa njiani, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake nyikani. Alipofika mtoni alijaza maji katika mkoba wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba midomo ya mitutu, akaendelea na safari akinywa humo. Hebu fikiri: kama bunduki hiyo ingalikuwapo leo, ni chapa gani ingetuambia kwamba ilikuwa kibuyu cha maji? Tunajua kwa sababu mwenyewe aliandika.

La kufanya

Naomba basi mambo machache. Anayekuta silaha ya zamani katika boma asiifiche, asiisugue, wala asijaribu kuifungua. Awaite wenye mamlaka. Silaha zilizozagaa zimeliza watu wengi katika nchi hii, na serikali imewahi kuziteketeza nyingi zilizosalimishwa. Lakini kabla ya chombo chenye umri wa karne kutiwa motoni, ni vyema chapa zake zinakiliwe na watu wa makumbusho waulizwe. Itifaki ya Nairobi ya mwaka wa 2004, iliyotiwa sahihi na nchi za ukanda huu, inadai kila bunduki ipigwe alama za mtengenezaji, nchi na nambari, ili ikipatikana mahali pabaya ijulikane ilikotoka. Ikiwa serikali zinazithamini alama za leo hivyo, za jana hazistahili kufutwa kwa msasa.

Walimu wenzangu nawaomba wawafundishe wanafunzi kusoma vitu, si vitabu peke yake: sarafu, nishani, saa, cherehani, sufuria ya bibi. Na kila mwanafunzi atakayeandika kilichopigwa juu ya chombo, aandike pia alichosema mzee aliye karibu nacho, na jina la mzee huyo. Awaulize hata wanawake, ambao sisi wanaume wa koo hizi tumezoea kusimulia mbele yao bila kuwapa nafasi.

Nilirudi darasani nikawaeleza wanafunzi wangu ukweli wote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Jina la mkubwa wa babu sasa limo katika daftari la ukoo, katika ukurasa wake mwenyewe, pamoja na maneno haya: alikwenda Kariakoo, hakurudi. Nilimwita pia mpwa wangu, ambaye sasa ni mtu mzima, nikamweleza kwamba insha yake ilikuwa na kosa na kwamba kosa lilikuwa langu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nitampunguzia alama.

Nilimwambia alama zake zibaki. Zinazopunguzwa ni zangu.